Vumbi la Ruvu

Kosa lilianzia kinywani mwa Damian mwenyewe. Alikuwa kijana asiyeweza kushika spana bila kutoa hotuba, na asubuhi ile, boneti ya pikapu ikiwa wazi chini ya mti wa mgrivelia, alikuwa na wasikilizaji wawili: mama yake, Avelina, aliyekuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, na shemeji yake Redempta, mjane wa kaka yake Emilian.

Alifungua kibuyu cha bati juu ya injini, akatoa chujio la hewa, lile ambalo mafundi wa Moshi huliita eaklina. Likatoka zito kuliko kawaida. Mikunjo yake ya karatasi, iliyopaswa kuwa myeupe, ilikuwa imezibwa na vumbi la kijivu.

"Mnaona?" akasema, akiliinua kama mtu anayenadi jogoo. "Hii ndiyo pua ya gari. Watu wanasema pikapu imerogwa, sijui Kaka hataki iendeshwe. Upuuzi! Gari linakohoa kwa sababu pua imeziba. Siku ile Kaka aliposhuka pale Ruvu, aliiacha injini inanguruma. Hakurudi kuizima. Ikavuta hewa ya pale, na upepo wote wa tambarare, mpaka petroli ikakata yenyewe. Vumbi lote la mahali pale limo humu."

Mama Avelina akautua mzigo wa majani.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, mama?"

"Hapo pa mwisho."

Damian akarudia, ila sauti ilikuwa imekwisha kupungua, maana aliona uso wa mama yake. Mama akaja, akalipokea lile chujio kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu. Kisha akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akalifunika.

"Basi yumo," akasema.

Tangu kiangazi kilichopita nyumba ile ilikuwa haina marehemu wala haina mzima. Emilian alikuwa ameshuka tambarare kufuata mahindi. Karibu na mto Ruvu rejeta ikachemka, akachukua kopo, akateremka ukingoni kuchota maji. Wachunga ng'ombe waliikuta pikapu mlango uko wazi, boneti bado ina joto. Ndara zilikuwa ukingoni, zimepangwa vizuri kama za mtu anayeingia ndani kwa watu. Mto ule una mamba. Walitafuta kwa mitumbwi, walitafuta kwa kamba na ndoano, wakarudi na zile ndara tu, nazo mama akakataa zisizikwe. Alisema viatu ni vya kurudia nyumbani.

Ukoo wao ulikuwa na njia yake kwa mtu asiyepatikana. Wazee huenda mahali alipokanyaga mara ya mwisho, wakachota udongo, wakaufunga kwa majani makavu ya mgomba, wakauleta kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na kuuzika kando ya baba zake. Bila hivyo mtu huyo anabaki njiani. Lakini wazee waliposhuka, masika yalikuwa yamekwisha kupita, na mafuriko yalikuwa yameula ukingo wote. Pale Emilian aliposimama palikuwa maji. Wakarudi mikono mitupu, na baba mdogo Filemon, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyempelekea mama habari hiyo.

Ndipo mambo yakaanza. Ukungu ukishuka mchana kutoka msituni na migomba ikinyamaza, Mama Avelina alikuwa akiinua mkono na kusema, "Shii. Sikilizeni." Alisikia injini. Haiji wala haiendi. Inanguruma pale pale, upande wa chini wa kihamba, kama gari linalomsubiri mtu aliyeshuka kidogo. Damian alimwambia ni mashine ya jirani ya kumenya kahawa. Alimwambia hivyo kwa ukali, tena mara nyingi. Kisha siku moja, akikata mkungu wa ndizi, naye akaisikia. Akakaza sikio, akitafuta kwa macho kahawa iliyoiva mitini. Ilikuwa bado mbichi yote. Mashine ya jirani ilikuwa imefunikwa gunia tangu msimu uliopita. Damian aliushusha ule mkungu, akaenda nyumbani, na hakumwambia mtu.

Kwa hiyo asubuhi ile chini ya mgrivelia hakuweza kucheka.

Baba mdogo Filemon akaitwa. Alilitazama chujio, akachukua chembe ya vumbi kwa ncha ya kidole, akalinganisha na udongo mwekundu wa Mwika uliokuwa chini ya miguu yake. "Udongo ni udongo," akasema. "Tutamzika Jumamosi."

"Mimi sikatai," akasema Redempta. Alikuwa amesimama kando ya tairi, mikono kifuani. "Emilian ni mume wangu, nataka alale. Lakini kahawa inaanza kuiva, na pikapu hii ndiyo inayotulisha mimi na watoto. Mkitoa hilo dude bila kuweka jingine mnaniachia banda la kuku. Leteni jingine kwanza, ndipo mchukue hilo."

"Maneno ya haki," akasema mzee.

Wote wakamgeukia Damian.

Akasema itabidi aende mjini na lile la zamani, liwe kipimo. Chujio halinunuliwi kwa maneno. Upana ukizidi kidogo tu, vumbi linapita pembeni na kuitafuna injini. Mama alikubali, ila alimshika mkono.

"Usilipige, Damian. Nakujua mkono wako. Usilikung'ute, usilipulize. Unirudishie kama alivyo, hata chembe isipotee."

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia. Sema."

"Hata chembe," akasema Damian.

*

Ulikuwa mwaka ule wa msako wa walanguzi, watu walipokuwa wakitupa sabuni mitoni kwa kuogopa kukutwa nayo. Vipuri vya magari vilionekana kwa nadra kama nyota za mchana. Damian alipanda lori la ndizi kutoka Mwika, akakaa juu ya mikungu pamoja na akina mama wa sokoni, kile kifurushi cha kitenge kifuani.

"Kijana amebeba mtoto," akasema mmoja. "Mama yake yuko wapi?"

"Amemkimbia! Tazama uso wenyewe ulivyokunjwa."

"Mfunike vizuri, baba. Hapo Himo pana upepo."

Siku nyingine angewajibu, maana ulimi wake haukuwa wa kulala. Siku ile aliufunika mzigo kweli. Walipofika Himo, upepo wa tambarare ukapiga lori ubavuni, na Damian akainama juu ya kifurushi kwa mgongo wote. Akina mama wakaacha kucheka. Pengine waliona kitu usoni mwake.

Ndani ya kitenge lile chujio lilikuwa na uvuguvugu. Alijiambia ni jua.

Moshi mjini alianzia duka la vipuri karibu na stesheni ya reli, duka la umma, lenye kaunta ndefu na rafu ambazo nyingi zilikuwa na hewa tu. Karani wake aliitwa Primus, kijana mnene mwenye kalamu sikioni. Damian akafungua kitenge, akaliweka chujio kaunta kwa uangalifu wa mtu anayelaza mgonjwa.

"Duh! Hili limekula nini?" akasema Primus, akanyoosha mkono kulipindua.

"Usilipindue. Pima tu."

Primus akapima kwa rula, akaingia nyuma, akakaa sana. Aliporudi alikuwa na boksi la karatasi. Akalifungua. Ndani kulikuwa na chujio jipya, jeupe, mikunjo imenyooka, mpira wa ukingo bado laini. Damian akaliweka juu ya lile la zamani. Upana ule ule. Kimo kile kile.

"Una bahati, kaka," akasema Primus. "Lilikuwa moja. Haya, niachie hilo bovu nikuandikie."

"Nikuachie?"

"Kipya kinatoka, kibovu kinaingia. Ndiyo sheria ya sasa. Mkaguzi anakuja jioni kulinganisha. Asipoliona bovu atasema nimemuuzia mlanguzi."

"Nchi hii inahesabu mpaka maiti za vyuma?"

"Punguza sauti," akasema Primus, akitazama mlangoni. "Kwani unalitakia nini? Limekufa."

"Nataka vumbi lake."

Primus akacheka mpaka kalamu ikamtoka sikioni. "Kaka, huko kwenu mlimani vumbi limekwisha? Nenda Kahe ukazoe bure!"

"Ni la mtu," akasema Damian.

Kicheko kikakatika. Primus alikuwa Mchaga naye, wa Kirua Vunjo, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alilitazama lile chujio, akairudisha mikono yake upande wake wa kaunta.

"Mamba?" akauliza polepole.

"Ruvu."

"Pole." Akafikiri. "Sikiliza. Mkaguzi anataka bati na karatasi, hataki vumbi. Nenda nyuma ya duka, kuna ukuta. Likung'utie ndani ya kitenge chako, uondoke na mtu wako, uniletee ganda. Mimi sitatazama."

Lilikuwa neno la busara. Kichwa cha Damian kililikubali pale pale, maana alikuwa mtu wa akili na mashine, na mbele yake palikuwa na chujio jipya la kipimo kamili. Shemeji angepata gari. Mama angepata vumbi. Akalibeba, akazunguka nyuma.

Palikuwa na ukuta wa matofali, pipa la mafuta machafu, na jua. Akatandaza kitenge chini, akapiga magoti, akaligonga chujio kwa kiganja, kidogo tu.

Likakohoa.

Hakuna namna nyingine ya kusema. Ulikuwa mlio mfupi, wa kifuani, wa mtu anayekohoa huku anajizuia asiwaamshe wengine. Emilian alikuwa akikohoa hivyo. Walilala kitanda kimoja utotoni, na kaka alikuwa akiziba mdomo kwa blanketi ili mdogo wake asiamke, na mdogo wake alikuwa macho siku zote.

Damian akatulia. Alijiambia: karatasi iliyojaa vumbi ikigongwa hutoa mlio wa namna hiyo. Akatazama kitenge. Chembe chache za kijivu zilikuwa zimeanguka, laini kama unga wa ulezi. Akainama. Vumbi kavu halina harufu ya maji. Hili lilinuka tope la mtoni, tope bichi, na nyuma ya tope, petroli.

Akainua mkono mara ya pili. Mkono ukakaa hewani.

Aliijua kazi ile. Ukikung'uta chujio lililoziba hivi huishii kugonga mara moja. Unalipiga ukutani mpaka mkono uchoke, na hata hivyo nusu ya vumbi haitoki. Inabaki ndani ya karatasi. Nusu ya Emilian ingekwenda nyumbani, na nusu ingebaki stoo ya duka lile, kati ya klachi zilizoungua na mabomba yaliyotoboka, ikisubiri mkaguzi. Na lile alilomwahidi mama lilikuwa hata chembe.

"Kaka," akasema. Hakujua kama anamwita au anamuuliza.

Injini ikanguruma. Haikuwa barabarani, barabara ilikuwa upande wa mbele. Ilikuwa hapo, nyuma ya ukuta wenye joto, chini chini, inasubiri. Damian, aliyewahi kugombana na katekista mbele ya kanisa zima kwa kusema mizimu ni woga wa wasiosoma, akakusanya zile chembe kwa ukucha, moja moja, akazirudisha katika mikunjo. Akafunga kitenge. Akarudi mbele.

"Sichukui," akasema.

"Utajuta," akasema Primus. "Kesho halitakuwepo."

"Najua."

Primus akalirudisha jipya ndani ya boksi. Hakumdhihaki. Alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo makarani hawafanyi, akamfungulia mlango.

*

Wenseslaus alikuwa fundi wa gereji za uwanja wa mabasi, mwenye maneno mengi kuliko spana, na kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kimetoka kwenye gari jingine. Alimletea Damian chujio la lori. Lilikuwa limetumika kidogo, safi kiasi, ila refu kwa vidole viwili na pana kuliko kibuyu cha pikapu.

"Tunalikata hapa, tunalibana hapa," akasema Wenseslaus. "Ukingoni unazungusha mpira wa ndani wa baiskeli. Linakaa kama limezaliwa humo."

"Litavujisha."

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo inayoua injini. Vumbi la kidogo, kila siku."

"Sasa bwana mkubwa, kama unajua kila kitu kwa nini hukuzaliwa na kiwanda chako? Endesha bila chujio basi! Hilo litaua wiki hii hii." Na huku akisema, akalichukua lile la zamani pale kwenye benchi, kitenge kikiwa wazi, akaliinua kulipiga kwenye tairi, kama fundi yeyote afanyavyo bila kufikiri. "Au tulisafishe hili hili."

Damian alimshika kifundo cha mkono kabla hakijashuka. Alimshika kwa nguvu kiasi kwamba spana ilimponyoka mkono wa pili.

"Weka chini."

"Wewe, umechanganyikiwa?"

"Weka chini polepole, Wenseslaus. Ukilipiga, nitakupiga nalo wewe."

Mafundi wengine wakasimama. Wenseslaus akaliweka. Alitazama kifundo chake, akautazama uso wa Damian, kisha, bila utani, akauliza, "Nani huyo?"

"Emilian."

Wenseslaus alimfahamu. Kila fundi pale alimfahamu Emilian wa Mwika na soga zake. Akapangusa mikono kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole.

"Chukua la lori," akasema. "Mpira nitakukatia mwenyewe."

*

Redempta alikuwa anamsubiri langoni. Damian alimsalimu, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, akafunga lile chujio lililokatwa. Alifanya kazi ile kwa ustadi wake wote: akalinyoosha, akalibana, akauzungusha mpira. Kisha akawasha. Injini ikakataa, ikakataa tena, halafu ikapokea. Moshi mweusi ukatoka, ukapungua, ukaisha. Watoto wakashangilia.

Redempta hakushangilia. Alikuwa mke wa dereva muda wa kutosha kuyajua mambo. Aliinama juu ya injini, akapitisha kidole ukingoni.

"Hapa panapitisha."

"Panapitisha, shemeji."

"Mjini hapakuwa na lenye kipimo chake?"

Damian angeweza kusema hapakuwa. Mwaka ule kila mtu angemwamini.

"Lilikuwepo. Walitaka niwaachie hili." Akakigusa kifurushi kilichokuwa kwenye kiti. "Nilijaribu kulikung'uta. Sikuweza. Hili nililoweka litaila injini. Si leo wala si msimu huu, lakini litaila. Nimekuulia gari, shemeji, na nilijua."

Injini ilinguruma kati yao. Redempta alikwenda kwenye kiti, akakishika kifurushi kwa mara ya kwanza, akakipima uzito kama mtu anavyopima mtoto wa jirani.

"Acha life polepole," akasema. "Nimechoka na vya ghafla."

Akaizima injini mwenyewe.

Jumamosi wakamzika. Kaburi lilikuwa dogo, kando ya baba yake, kati ya migomba. Filemon alilifunga chujio kwa majani makavu ya mgomba na jani bichi la isale, lile ambalo Wachaga huombea msamaha, akamwambia Emilian kwa Kichaga kwamba wamechelewa, asiwahesabie kosa. Damian ndiye aliyeshuka shimoni kulipokea. Alipoliweka chini, vumbi kidogo lilipenya majani, likambakia viganjani, likaingia katika mistari ya ngozi.

Baada ya kufukia, watu wakapanga mstari kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani unaopita ukingoni mwa kihamba, kunawa kama desturi inavyotaka. Damian akajitenga. Alikuwa amefunga ngumi zote mbili.

"Nawa," akasema mama yake.

"Mama, bado lipo. Mkononi. Ulisema hata chembe."

Mama Avelina akapiga magoti kwenye majani mabichi, akamvuta naye akapiga magoti. Akamfungua ngumi kidole baada ya kidole, kwa nguvu, maana Damian alikuwa amekaza. Viganja vilikuwa vya kijivu. Mama akavitazama, akavisukuma ndani ya maji baridi na kuvisugua kwa vidole gumba vyake, mstari kwa mstari, mpaka vikawa vyekundu.

Maji yakachafuka kidogo, yakasafika. Damian akaifuata ile kijivu kwa macho ikipita chini ya migomba, ikikunja kona kwa jirani, ikiteremka kuelekea Himo, na kutoka Himo kwenda tambarare, ambako mifereji na mito yote ya upande ule huishia Ruvu. Akataka kuinuka. Mama alikuwa bado amemshika mikono, na hakumwachia.